Plagi Nne kwa Waya Mmoja: Tathmini ya Viunganishi vya Vyombo vya Muziki Nyumbani

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikisikiliza muziki uleule kupitia waya uleule, na kitu pekee nilichobadilisha ni plagi zilizo kwenye ncha zake. Nilikata vipande vinane vya mita moja moja kutoka katika bunda moja la waya wenye msuko wa shaba nyekundu kama kinga, nikavilehemu plagi za RCA (zile za duara zenye pini moja katikati, za kuunganishia vyombo vya muziki) za aina nne, nikapata jozi nne ambazo hazitofautiani kwa lolote ila plagi. Nilijisumbua hivyo kwa sababu wauzaji wa vifaa hivi huzisifu plagi kama watu wanavyowasifu waimbaji: hii ina sauti nzito, ile inang'arisha filimbi, nyingine inaongeza besi. Nilitaka kujua ni kiasi gani cha sifa hizo kinasikika mtu anapokuwa amekaa kimya mbele ya spika zake, na kama kuna tofauti, inatokana na nini hasa.

Kabla ya kuzieleza plagi zenyewe, inafaa kukumbuka kwamba plagi ya RCA haikubuniwa kwa ajili ya usikilizaji wa makini tunaoufikiria leo. Radio Corporation of America, kampuni ambayo herufi za jina lake ndizo zilizobaki kuwa jina la plagi, iliitumia tangu miaka ya 1930 kuunganisha mashine ya santuri na redio ndani ya kabati moja, mahali ambapo haikutarajiwa kuchomolewa mara kwa mara. Ilikuwa rahisi kutengeneza na ilitosha kwa kazi hiyo. Kasoro yake kubwa imedumu hadi leo: pini ya kati, inayobeba sauti, hugusa soketi kabla ya ukosi wa nje unaobeba upande wa ardhi, yaani njia ya kurudi ya umeme. Yeyote aliyewahi kuchomeka plagi hii huku amplifaya ikiwa imewashwa anaujua ule mvumo wa ghafla unaotikisa spika, na chanzo chake ni kitambo kifupi ambacho njia ya kwenda imekamilika ilhali njia ya kurudi bado haijapatikana.

Jozi ya kwanza niliyoifanyia majaribio ni ya plagi za bei ya chini kabisa, zisizo na jina la mtengenezaji, zenye kifuniko cha plastiki na rangi ya dhahabu inayong'aa kupita kiasi. Jozi ya pili ni plagi za chuma tupu zilizopakwa nikeli, za umbo la kale ambalo kampuni ya Switchcraft ya Marekani imelitengeneza kwa miaka mingi. Hazina urembo wowote, na mtu asiyezijua angedhani zimeng'olewa kwenye redio ya babu. Jozi ya tatu ni Neutrik Profi, kutoka kampuni ya Liechtenstein inayojulikana zaidi kwa vifaa vya jukwaani na studio. Jozi ya nne ni ya muundo ambao WBT ya Ujerumani iliupa umaarufu, yaani ukosi uliopasuliwa ambao mtumiaji huukaza kwa kuzungusha mkono wa plagi baada ya kuichomeka, mpaka ukaishika soketi kama koleo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kati ya kifaa cha kucheza muziki wa dijitali na amplifaya, ambako sauti husafiri kwa nguvu ya volti moja au mbili. Nitasema ukweli bila kuuzungusha: sikusikia tofauti yoyote. Nilimwomba mwenzangu abadilishe jozi nikiwa nimeupa mtambo mgongo, bila kuniambia ipi imewekwa, na makisio yangu hayakuwa bora kuliko ya mtu anayerusha sarafu. Kisha nikarekodi kipande kimoja cha muziki kupitia kila jozi, nikageuza mawimbi ya rekodi moja juu chini na kuyajumlisha na ya nyingine, ili yanayofanana yafutane, na kinachobaki kiwe tofauti peke yake. Kilichobaki kilikuwa mchakacho hafifu wa kinasa sauti chenyewe, ambao ulikuwapo hata nilipoilinganisha jozi moja na rekodi yake nyingine.

Matokeo hayo hayapaswi kumshangaza anayezijua hesabu zake. Mguso mzuri wa metali kwa metali una ukinzani wa sehemu chache za elfu moja za omu, kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita. Tuuzidishe kwa ukarimu, tuseme ni sehemu tano za mia moja za omu. Mlango wa kuingizia sauti wa amplifaya ya nyumbani huwa na ukinzani wa omu 10,000 hadi 47,000, kwa hiyo hata kwa kiwango cha chini, kinachopotea kwenye plagi hakizidi sehemu tano kwa milioni moja ya sauti. Hakuna sikio linaloweza kulitambua pengo hilo, na pia halibagui kati ya besi na filimbi, kwa kuwa ukinzani huo ni uleule kwa masafa yote tunayoyasikia, yaani kwa sauti nzito na nyembamba. Plagi inayoshika vizuri haina rangi ya sauti. Ningeweza kuishia hapo, na wengi wanaopinga biashara ya waya za kifahari huishia hapo kweli, lakini wanakosea kwa sababu wameipima pini ya kati tu na kuusahau ukosi.

Waya wa RCA una njia mbili tu. Sauti huenda kupitia pini ya kati, na kinga ya nje hufanya kazi mbili kwa pamoja: ni njia ya kurudia sauti, na ndiyo inayounganisha ardhi ya chombo kimoja na ya kingine. Vyombo viwili vinavyotumia umeme wa ukutani huwa na tofauti ndogo ya volti kati ya maganda yao, hivyo mkondo mdogo wa umeme hupita kwenye kinga hiyo kila wakati, ukifuata mapigo ya hetzi 50 au 60 ya gridi. Mkondo huo unapopita kwenye ukinzani wa ukosi huzaa volti, na amplifaya haina namna ya kuitenga volti hiyo na muziki. Tuchukue mkondo wa sehemu 100 za milioni za ampea. Ukosi safi unaoshika vizuri ukiwa na sehemu moja ya mia ya omu, volti inayozaliwa ni sehemu moja ya milioni, ambayo haina madhara. Ukosi uliolegea au ulioshika utandu, ukinzani wake ukapanda hadi omu moja, huzaa mara mia ya hiyo, na ikilinganishwa na sauti ya volti 0.3 inakuwa kiasi cha desibeli 70 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya muziki. Katika chumba tulivu chenye spika zinazoitika vizuri, huo ni mvumo unaosikika wimbo unapokwisha.

Nilipohamia kwenye mashine ya santuri, mambo yakabadilika kabisa. Sindano ya kawaida ya sumaku inayosogea hutoa takriban milivolti 5 tu, na zile za koili inayosogea zinaweza kutoa chini ya nusu milivolti. Kikuza sauti cha santuri huikuza sauti hiyo mara mia au zaidi, na juu ya hapo kinalazimika kuzirudisha besi zilizopunguzwa wakati santuri ilipochongwa, kiasi kwamba masafa ya hetzi 50 hukuzwa karibu mara saba kuliko ya hetzi 1,000. Mvumo wa umeme unaangukia papo hapo penye ukuzaji mkubwa kuliko kwingine. Kwenye jozi ile ya bei ya chini, mvumo ulisikika hata kabla sindano haijashuka, ukawa unapanda na kushuka kila nilipousogeza waya kwa kidole, na mara mbili upande wa kushoto ulinyamaza kabisa. Nilipozifungua plagi niligundua kwamba ukosi wake ni bati jembamba lisilo na uspringi. Baada ya kuchomekwa na kuchomolewa mara kadhaa lilikuwa limepanuka, likawa linaigusa soketi kwa upande mmoja tu. Kinga iliyopoteza mshiko wake haikingi tena, na waya huanza kufanya kazi ya antena.

Jozi nyingine tatu zilikuwa kimya, kila moja kwa njia yake. Ile ya nikeli ina ukosi mnene uliopasuliwa mara nne, na mtu anaweza kuubana kidogo kwa koleo ukilegea, jambo ambalo mimi hulihesabu kuwa fadhila. Ile ya kukaza kwa kuzungusha hushika kwa nguvu kuliko zote. Nilipoivuta kwa kuisahau, chombo chenyewe kilisogea kwenye rafu, na hapo nikajiuliza kama mshiko wa namna hiyo si hatari kwa soketi zilizolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi. Mshiko mkali una mpaka wake. Neutrik Profi ndiyo iliyonivutia zaidi kwa sababu imeutatua ule udhaifu wa miaka ya 1930: ukosi wake una springi na hutangulia mbele, hivyo ardhi hugusa kabla ya pini na huachia baada yake. Niliichomeka na kuichomoa kwa makusudi huku amplifaya ikiwa imewashwa na sauti ikiwa chini, na spika hazikutoa ule mvumo wa kutisha. Simshauri mtu kuufanya mchezo huo kuwa mazoea, ila ni faraja kujua kwamba mtoto au mgeni akivuta waya kwa bahati mbaya, spika zitasalimika.

Dhahabu inastahili maelezo yake. Watu wengi huamini kwamba dhahabu hupitisha umeme vizuri kuliko metali zote, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. Inayoongoza ni fedha, ikifuatiwa kwa karibu na shaba nyekundu, na dhahabu ni ya tatu. Mwili wa plagi nyingi, zikiwemo zile ghali, ni shaba ya njano, ambayo hupitisha umeme kwa takriban robo tu ya uwezo wa shaba nyekundu, na hakuna anayelalamika kwa sababu kipande chenyewe ni kifupi mno kuleta athari. Sifa ya dhahabu ni kwamba haishikani na oksijeni wala salfa ya hewani, kwa hiyo uso wake hubaki jinsi ulivyokuwa siku ya kwanza. Fedha hupata weusi kwa salfa, na shaba hupata utandu wa oksaidi ambao una tabia ya ajabu: hupitisha umeme kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Zamani vilitengenezwa virekebisha mkondo, yaani vifaa vya kuulazimisha umeme upite upande mmoja tu, kwa kutumia oksaidi hiyo hiyo ya shaba. Plagi iliyochakaa inaweza basi kuyapinda mawimbi ya sauti, na hata kunasa matangazo ya redio yaliyo jirani, bila mwenyewe kuelewa mtangazaji ameingiaje kwenye santuri yake.

Suala, kwa hiyo, ni unene wa dhahabu hiyo na kilicho chini yake. Kwenye plagi za kupambwa tu, dhahabu huwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) au pungufu, na husuguliwa ikaisha baada ya kuchomekwa mara chache. Kwenye plagi za kazi hukaribia mikroni moja, ikiwa juu ya tabaka la nikeli linaloizuia shaba isipenye na kuchomoza juu. Jozi yangu ya bei ya chini ilianza kuonyesha metali nyeupe kwenye ncha za pini kabla mwezi wa pili haujaisha. Nikeli tupu, kwa upande wake, hutengeneza utandu mwembamba mgumu, lakini ukosi unaobana kwa nguvu huukwangua kila unapochomekwa, na ndiyo maana plagi zile za umbo la kale hufanya kazi vizuri mradi mtu azizungushe kidogo mara moja kwa miezi kadhaa. Inafaa pia kuangalia soketi za chombo chako: dhahabu kwa dhahabu hupatana, ilhali dhahabu ikikutana na bati huharakisha uharibifu wa bati.

Kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye pakiti, nalo ni tabia ya plagi inapolehemiwa. Plagi za bei ya chini hutumia plastiki laini kuitenga pini na ukosi, na plastiki hiyo huyeyuka mara tu ncha ya chuma cha kulehemu inapokaa sekunde mbili zaidi. Pini huhama, hukaa upande, na mtumiaji huishia kulehemu kwa haraka na kwa woga, matokeo yake yakiwa lehemu baridi, ile yenye uso mkavu na wa kijivu, ambayo hushika leo na kuachia baada ya mwezi. Zile tatu nyingine zilivumilia joto bila shida. Ninashuku kwamba sehemu kubwa ya hadithi za plagi zinazobadilisha sauti zinatokana na lehemu na wala si metali: mtu anaondoa plagi iliyolehemiwa vibaya, anaweka mpya iliyolehemiwa vizuri, anasikia tofauti ya kweli, kisha anaisifu dhahabu. Zaidi ya hapo, kishikizo cha waya nyuma ya plagi ni muhimu sawa na pini yenyewe, maana kisipoubana waya kwenye ganda lake la nje, kila mvuto huishia kwenye lehemu. Kile cha Neutrik hubana pande zote kadiri unavyokaza mkono wa plagi, na ni bora kuliko ulimi wa bati wa kukunja kwa koleo.

Upande wa spika hesabu hugeuka. Hapa hakuna ukinzani wa maelfu ya omu wa kutulinda. Spika ni omu 8, au 4, na mkondo ni wa ampea kadhaa. Sehemu moja ya kumi ya omu kwenye mguso mbovu hupunguza sauti ya spika ya omu 8 kwa takriban desibeli 0.1, na ya omu 4 kwa 0.2, jambo ambalo bado ni dogo, lakini kwa kuwa ukinzani halisi wa spika hupanda na kushuka kulingana na masafa, upungufu huo haulingani kila mahali, na hapo ndipo rangi ya sauti huanza kubadilika. Uwezo wa amplifaya kuidhibiti koni ya besi hupungua pia. Hata hivyo, mita tano za waya wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, tayari zina zaidi ya sehemu moja ya kumi ya omu, kwa hiyo anayehangaika na plagi ilhali waya wake ni mwembamba kama uzi wa taa anaziba tundu dogo na kuacha mlango wazi.

Nilitumia plagi za ndizi za milimita 4, pini za umbo la uma, na waya mtupu, na vyote vilisikika sawa vilipokazwa ipasavyo. Waya mtupu una mguso mzuri kabisa siku ya kwanza, kisha hubadilika rangi polepole na kulegea, na nywele moja iliyochepuka ikigusa upande wa pili inaweza kuiunguza amplifaya. Ndizi ninazozipendelea ni zile zenye mabawa ya springi yanayojaza tundu zima. Zile zilizokunjwa kwa bati tupu hunyongonyea. Kwa wanaoshangaa kwa nini vyombo vingi vinavyouzwa Ulaya huja na vizibo vya plastiki kwenye matundu hayo, sababu ni ya usalama: pini za plagi ndogo ya umeme ya huko nazo zina unene wa milimita 4, na plagi ya ndizi inaweza kuingia kwenye soketi ya ukutani.

XLR, aina nyingine ya plagi ya sauti, nitaigusa kwa kifupi, kwa sababu ubora wake hautokani na plagi. Ina pini tatu, ya kwanza ikiwa ya ardhi, na nyingine mbili hubeba sauti ileile, moja ikiwa imegeuzwa. Chombo kinachopokea huchukua tofauti kati yake, na mvumo ulioingia kwenye njia zote mbili kwa usawa hufutika. Kama amplifaya yako ina milango hiyo ya kweli na waya ni mrefu kupita mita tatu au nne, itumie bila kusita. Waya wa XLR ukiishia kwenye RCA kwa kigeuzi cha kawaida, faida hiyo hupotea njiani.

Kwa hedifoni, jeki ya milimita 3.5 ina udhaifu unaofanana na wa ukosi wa RCA: masikio mawili hutumia njia moja ya kurudia. Mguso huo ukiwa na nusu omu, na hedifoni zikiwa za omu 32, sauti ya kushoto huvuja kulia kwa kiasi cha desibeli 36 chini, na utengano wa pande mbili hupungua. Hii ni moja ya sehemu chache ambapo kusafisha jeki kwa spiriti kunasikika mara moja. Na kuhusu plagi za dijitali za mwanga, zile ambazo Toshiba ilizianzisha mwaka 1983, nimeshaona zikiuzwa zikiwa na ncha za dhahabu. Mwanga haupiti kwenye dhahabu hiyo, wala hauihitaji.

Baada ya miezi mitatu, jozi ya Neutrik imebaki kwenye mashine ya santuri, mahali ambapo ukosi unaotangulia na kishikizo imara vina kazi ya kufanya kila siku. Zile za nikeli ziko nyuma ya kifaa cha dijitali, hazionekani na hazisikiki, nami siwezi kuzidai zaidi ya hapo. Ile jozi ya kukaza kwa kuzungusha nimeihamishia kwenye waya unaopita nyuma ya kabati, ambako mkono haufiki kwa urahisi na ambako sitaki plagi ilegee nisijue. Ile ya kwanza nimeikata ncha, nikautunza waya wake, ambao haukuwa na kosa lolote.